Fundi Aliyemuulizia Jamaa Yake Dawa

Fundi cherehani wetu wa Marshalltown, hapa Joburg, ametangulia mbele ya haki, wasomaji wangu, na habari imenikuta nimevaa gauni alilonishonea yeye. Alikuwa mtu wa Tanga, hodari wa kanzu na hodari zaidi wa kuwatimua vijana waliovutia bangi mlangoni pake. Aliwafukuza kwa futi ya mbao, akiwapa mawaidha ya Kiswahili ambayo wao, Wazulu watupu, hawakuambulia hata neno. Kwa hiyo saratani ilipomwingia mifupani, na daktari wake wa Randburg akataja mafuta ya bangi yanayotolewa kwa cheti cha daktari, fundi alicheka kwa adabu, akaomba vidonge vya kawaida.

Miadi iliyofuata nilimpeleka kwa gari langu, yeye na mkewe. Kila nilipoondoa gari kwenye robot, yaani taa za barabarani, aliuma meno kwa maumivu. Alipofika kwa daktari akajikohoza, akasema ana maswali ya jamaa yake mmoja. Majamaa hao tunawafahamu sote. Ndio wanaougua maradhi yetu yote ya aibu. Je, jamaa huyo atarukwa na akili? Atageuka teja? Akishadondosha matone chini ya ulimi, ataendesha gari? Akienda Tanga kusalimia, atasafiri nayo?

Daktari, Mkongomani wa Lubumbashi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na ule rafiki yako, muzee, anakunywa dawa gani zingine?"

"Hanywi chochote. Mzima kabisa, hana hata presha."

Mkewe akatazama dari, na mkoba wake umejaa vidonge vya presha vya mumewe.

"Sasa mutu muzima anatafuta dawa ya nini? Mulete hapa nimupime. Miye niko munganga, siko radio."

Jamaa huyo alichukua miezi kupatikana. Muda wote huo fundi alishona kwa kuinuka na kukaa, na usiku hakulala. Alipokuja hatimaye kwa jina lake mwenyewe, majibu yalikuwa mepesi ajabu. Ataanza na matone machache, kwa uangalifu, kwa sababu ya zile dawa za presha. Akiona akili inamchezea, apige simu. Gari asiguse, na mpakani asivuke nayo. Haitamponya, ila huenda ikamtulizia maumivu. Sheikh wa msikiti wetu naye, aliyeogopwa kuliko maradhi yenyewe, alipoulizwa alijibu kwa kifupi kwamba mgonjwa anatibiwa, akaendelea na chai yake. Eish! Fundi akalala. Alilala vizuri wiki chache tu, kisha mauti yakamkuta.

Mazishini wasemaji walimsifu kwa subira, eti alibeba maumivu yake bila kumsumbua mtu. Sifa hizo zilinipendeza, nikampelekea mjane ndani alikokaa eda. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Subira gani, dada? Yule alikuwa anawaogopa nyinyi."

Hapa Joburg tuna vyama vya kuzikana vinavyosifika. Mtu akifa asubuhi, kufikia adhuhuri sanda ipo na watu wamejaa. Kuzikana tunajua sana. Tujifunze basi kuwa watu ambao mgonjwa anaweza kunywa dawa yake mbele yao.