Gunia la Chumvi Mbele ya Madhabahu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe, kosa ambalo hakuna fundi wa kiwanda cha saruji aliyewahi kulirudia. Baba yangu alitoka Kenya kuja kuchimba shaba katika milima yetu, nami nikazaliwa Kasese. Ndiyo maana hadi leo naomba kwa Kiswahili, ingawa majirani wananisalimu kwa Lhukonzo nami nawaitikia. Asubuhi ile nilikuwa na cheti changu cha umeme mfukoni. Fundi Mkuu wa karakana, ambaye alikuwa askari kabla ya kuwa fundi na sote tulimwita Afande, hakukiomba cheti. Alinipa taa ya mezani isiyowaka, akaniambia niiwashe, akaenda zake.

Niliifungua yote. Nilitoa balbu, nikavunja kiungo cha shingo yake, nikapanga skrubu juu ya gazeti kwa ukubwa wake, na shati likawa la kijivu. Afande aliporudi aliitazama kazi yangu kwa utulivu, kisha akainama akaokota plagi iliyokuwa imelala sakafuni. Ndani yake waya mmoja ulikuwa umechomoka.

"Wewe, ulianza wapi?"

"Kwenye taa, Afande."

"Nani alikuambia taa iko gonjwa? Anza kwa ukuta. Tembea na waya. Mukono yako ifike kila mahali umeme inafika."

Nilicheka naye, kwa sababu hapakuwa na la kufanya zaidi. Namshukuru Mungu kwa mwalimu yule. Nilikaa naye miaka mingi, nikajifunza kubeba mfuko mdogo wa ngozi kiunoni wenye kisu, utepe na vichwa vya waya vya akiba. Mfuko huo ninao hata sasa.

Baadaye Katibu wa Dayosisi aliniita nitunze vipaza sauti vya makanisa. Alikuwa mtu wa barua. Hata akitaka chai aliandika. Barua yake moja ilinipeleka Katwe, kwenye kanisa dogo karibu na ziwa la chumvi, ambako spika zililia kama nyuki kila kwaya ilipoanza. Kule nilimkuta Mzee Bwambale, mkata chumvi, akiwa amejitolea kunishikia ngazi. Alishika ngazi kwa mikono iliyopasuka kwa maji ya chumvi, na muda wote alinisimulia habari za binti yake Masika, aliyekuwa bado shule ya msingi na tayari anasahihisha wahubiri wanapokosea mistari. Tulikuwa marafiki tangu siku hiyo. Kila nilipopita Katwe nilirudi na chumvi.

Habari za kamera zilikuja nikiwa tayari na mvi. Makanisa yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa, na Baba Askofu akawa anahubiria simu iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu vya nyimbo. Simu ilianguka katikati ya Baba Yetu. Kesho yake barua ya Katibu ikafika, na kwa mara ya kwanza aliileta mwenyewe.

"Fundi Wafula, tunataka kamera tatu na kompyuta, watu waone ibada moja kwa moja nyumbani. Wewe unajua waya. Na hii ni waya tu."

Haikuwa waya tu, lakini Bwana alinipa Mwalimu Kabugho, mama anayefundisha kompyuta katika sekondari moja ya Bwera. Alinifundisha mimi mzee bila kunidharau. Niwaeleze ninyi vijana mtakaoirithi kazi hii. Kila kamera hutuma picha yake kwa waya mnene, unaofanana na ule wa antena ya televisheni. Waya huingia kwenye kisanduku kidogo kinachoigeuza picha iwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukisoma. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoonyesha picha zote tatu kwa pamoja, na mwenye kuendesha anachagua ipi iende kwa watu. Sauti nayo huja kwa njia yake, na kwa kuwa hufika kabla ya picha, unaichelewesha kidogo, la sivyo midomo ya wahubiri inatafuna baada ya neno kupita.

Wapiga kamera tuliongea nao kwa visikizio vya masikioni. Mwanzoni niliwaita kwa majina. Lakini kwetu mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa, na nilikuwa na akina Thembo wawili. Nikisema "Thembo, sogea kushoto," kamera mbili zinasogea na waumini wanaona ukuta. Tukahamia kwenye namba: moja, mbili, tatu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na siku ninayotaka kuwasimulia ni ya mwaka wangu wa mwisho kazini. Masika wa Katwe, yule mtoto wa mistari, alikuwa anawekewa mikono kuwa kasisi. Na baba yake hakuweza kuja. Mguu wake ulikuwa umepasuliwa, akawa amelala hospitalini Kasese. Jioni moja kabla ya ibada nilikwenda kumwona. Hakulalamika. Alinishika mkono akaniambia jambo moja tu.

"Fundi, mimi nataka uso yake. Siku alibatizwa alilia akaficha uso, sikuona vizuri. Sasa nataka kuona uso yake wakati Askofu anaweka mukono."

Nikamwambia ataona. Mwanawe wa kiume angekaa naye wodini na simu mbele ya kitanda.

Asubuhi nilipanga kamera namba moja nyuma kabisa, kwa ajili ya kanisa zima. Namba tatu ilikuwa upande wa kwaya. Namba mbili niliiweka pembeni mwa madhabahu, kwa sababu anayewekewa mikono hupiga magoti akiwapa watu mgongo. Kamera hiyo peke yake ndiyo ingeuona uso. Waya wake haukutosha, basi nikaunganisha vipande viwili, nikafunga kiungo kwa utepe mweusi na kukilaza sakafuni upande wa kushoto, chini ya ngazi za madhabahu. Nilitazama kazi yangu nikaona ni njema. Nilikuwa nimesali katika kanisa lile miaka kadhaa, na bado sikukumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Bwera anakijua: ni wapi sadaka ya mazao huwekwa.

Ibada ilianza vizuri. Kwaya iliimba hadi Mwalimu Kabugho akawa anabadilisha picha kwa kucheza. Ikaja sadaka. Watu walipita wakiimba na ndizi, mahindi na mpunga wa Mubuku, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Halafu Kasisi Mkuu wa kanisa lile akapanda kuhubiri, na hapo hapo picha ya namba mbili ikaanza kupepesa. Ikawaka, ikazima, ikawaka. Kisha picha zote tatu zikaganda, na Kasisi Mkuu akabaki kwenye kioo na mdomo wazi.

Mwalimu Kabugho alisema kisanduku cha namba mbili kinajitoa na kujirudisha kila mara, na programu imechoka kukisubiri. Alikichomoa, akaifungua programu upya, na kamera mbili zilizobaki zikarudi hewani. Tukashusha pumzi. Mara simu yangu ikatikisika. Alikuwa mwana wa Mzee Bwambale.

"Baba anauliza, kwa nini anaona migongo tu?"

Nilirudi kufanya lile lile la siku yangu ya kwanza: nilianza kwenye taa. Nilihamisha kisanduku kwenye tundu jingine la kompyuta. Nikafunga programu zisizohitajika. Nikamwomba Kabugho aikague kompyuta yote, naye akaikagua, na dakika za mahubiri zikaendelea kuliwa. Mwisho akaniambia kwa upole kwamba kompyuta ni nzima. Tukakibadilisha kisanduku na cha namba tatu. Kile tulichokishuku kikaonyesha kwaya bila tatizo. Basi hata chenyewe kilikuwa kizima. Nikamwuliza Thembo wa namba mbili, aliyekulia Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kama kamera yake imegongwa.

"Hapana, Papa. Kamera iko muzima. Image naiona hapa kwa kioo yangu, safi kabisa. Inapotelea kwa njia."

Inapotelea njiani. Afande alikuwa ameshakufa zamani, lakini nilimsikia. Nilivua koti, nikaushika waya pale mezani, nikaanza kutembea nao nimeinama, mkono wangu ukipita kila mahali picha ilipopita. Kabla sijaondoka nilimwandikia Kasisi Mkuu karatasi, mzee wa kanisa akampelekea mimbarini. Mniwie radhi, lakini kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kumwonyesha Kasisi Mkuu saa ili afupishe. Siku hiyo niliandika: *Tafadhali ongeza.*

Aliisoma mara mbili. Akainua uso uliojaa furaha isiyofichika.

"Wapendwa, nimeombwa niongeze."

Kanisa zima liliguna. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, nikipita karibu na magoti yake, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi, na nilipokubali akasema Mungu atanilipa na yeye atakumbuka.

Waya ulinipeleka hadi kwenye rundo la sadaka. Nikasogeza ndizi. Jogoo akanidonoa mara mbili. Chini ya ndizi kulikuwa na gunia kubwa la chumvi, mbichi, iliyotolewa ziwani karibuni, na maji yake yalikuwa yanachuruzika polepole juu ya kiungo changu. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida. Yalikuwa yameingia ndani ya utepe na kuinywa picha yote. Kwenye gunia kulikuwa na jina lililoandikwa kwa mkaa: Bwambale, Katwe.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, mbele ya Baba Askofu, nikiwa na ndizi mapajani. Halafu nikafungua mfuko wa ngozi. Nilikata ncha zote mbili zilizolowa, nikachuna ngozi ya waya hadi shaba safi ikaonekana, nikakaza vichwa vipya kwa vidole. Niliharakisha, kwa kuwa nilimsikia Kasisi Mkuu akimalizia. Hata yeye alikuwa ameishiwa. Nikaunganisha. Kiungo nikakiweka juu ya kiti cha mtumishi wa madhabahu, mbali na kila kilichotoka ziwani. Kwenye kisikizio Mwalimu Kabugho akasema neno moja.

"Imerudi."

Masika alikuwa tayari amepiga magoti. Baba Askofu akaweka mikono, makasisi wakamzunguka, na sikuona chochote, maana nilikuwa nyuma ya ndizi. Lakini nilimsikia Kabugho akiita namba mbili, namba mbili, kaa hapo, usisogee. Nikafumba macho nikashukuru.

Baada ya ibada nilimpigia simu Mzee Bwambale. Alikuwa analia na kucheka. Alisema ameona uso wote, hata kovu la kwenye paji la uso alilolipata akiwa mtoto, na kwamba muuguzi alikuwa ameita wodi nzima ije kutazama. Halafu akauliza ni nini kilichokuwa kimezuia. Nikamwambia ukweli: chumvi yake.

"Mimi niliwaambia waweke mbele kabisa," akasema, "Askofu aione."

"Iliwekwa mbele kabisa, Mzee."

"Basi hawa watu walinisikia."

Nilistaafu miezi michache baadaye. Dayosisi ilinipa cheti na blanketi, na Mwalimu Kabugho akanipa zile ncha mbili za waya, chumvi imekauka juu yake nyeupe kama theluji ya milima yetu. Ziko ndani ya kasha la Biblia yangu. Siku za Alhamisi huja nyumbani kwangu Rukoki mafundi wa makanisa mbalimbali, nami kwanza nawapa taa isiyowaka na kuketi pembeni. Karibu wote huanza na balbu. Siwacheki sana. Miaka yangu yote Mungu alinivumilia nikianzia pasipostahili, na kila mara alinirudisha hadi ukutani nianze tena.

Siku hizi nasali Katwe mara moja kwa mwezi, kwa Kasisi Masika. Nakaa kiti cha tatu na sigeuki nyuma kutazama kamera, ingawa shingo huniwasha. Jumapili niliyokwenda kwa mara ya kwanza, sadaka ilipoanza, mlangoni aliingia Mzee Bwambale akitembea kwa magongo, na nyuma yake mwanawe amebeba gunia. Walipofika usawa wa kiti changu mzee akasimama, na foleni yote ikasimama nyuma yake, ikiimba.

"Fundi," akaniuliza, "leo tuweke wapi?"