Kikohozi cha Chumba cha Chini

Shaka yangu ilianza na blanketi. Mke wangu alikuwa amelikunja vizuri, lile zito la rangi ya maruni, akalitia chini kabisa ya begi, chini ya magauni mepesi na taulo. Tulikuwa tunakwenda Homa Bay, mji ambao watu wake hulala na shuka nyembamba na bado hulalamika joto. Nikamuuliza blanketi la nini.

"La kukalia ufukweni," akasema.

Sikulisahau jibu hilo. Mimi huwa sisahau vitu kama hivyo.

Tunaishi Kegonga, kwenye vilima vya Wakuria, kwao mke wangu. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mimi ni mchora mabango. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kikuria changu ni cha sokoni na Kijaluo chake ni cha salamu tu. Mwezi wa nane huku si wa kuchora. Ukungu unashuka asubuhi unakaa mpaka karibu saa sita, rangi haikauki, na ikikauka inakuwa na vipele kama ngozi ya mtu aliyelala kwenye upupu. Kila mwaka nazozana na wateja juu ya vipele hivyo, ingawa wao hawavioni mpaka niwaonyeshe. Ndipo mke wangu akasema twende mahali penye jua. Shule imefungwa, rangi haikauki, kwa nini tukae kuota moto kama wazee?

Wazo lilikuwa zuri. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa ameshapiga simu na kuweka chumba. Katika nyumba yetu mimi ndiye ninayepanga. Hata kwenda Migori kununua brashi napanga tangu juzi yake. Yeye hajawahi kuweka nafasi ya kitu chochote, na sasa alikuwa amechagua mji, nyumba ya wageni na tarehe, bila kuniuliza.

Halafu kulikuwa na yule mwalimu. Kabla yangu, kuna mwalimu mwenzake aliyetaka kumwoa. Mambo yalifika mbali, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameanza kutaja ng'ombe. Baadaye yakavunjika, nikaja mimi, Mjaluo wa Migori mwenye makopo ya rangi. Mwaka uliopita nilisikia kwamba yule mwalimu amehamishiwa shule moja upande wa Homa Bay. Mke wangu hakuwahi kulitaja jambo hilo. Nami sikulitaja, nikingoja nione kama atalitaja.

Lazima niseme jinsi nilivyo, la sivyo yanayofuata yataonekana ya ajabu. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akanilea katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Hakuna aliyenifundisha kuchora herufi. Nilisimama mbele ya mabango ya watu, nikarudi nyumbani kuyanakili kwenye maboksi. Mila za kwetu nilizipata vivyo hivyo, kipande kwa kipande, kwa kuuliza wanaume waliolelewa ndani ya dala, boma la baba zao. Mtu aliyelelewa dala anaweza kupinda kanuni kwa sababu anajua inapindika mpaka wapi. Mimi sijui, kwa hiyo sipindi. Mke wangu hunitania kwamba hata mila nazipimia rula. Husema hivyo hasa kuhusu mama yake, ambaye namsalimu nikiwa njiani naye akiwa ndani ya ua wake wa michongoma, kila mmoja akiangalia upande. Sijawahi kula mbele yake. Kulala chini ya paa moja naye ndiyo kabisa, hilo halifikiriki kwetu, na Wakuria nao wana haya yao ya ukwe, kali vilevile.

Tulifika Homa Bay alasiri, jua likiwa bado linachoma. Nyumba ya wageni ilikuwa kwenye mteremko juu ya ziwa: jengo la zamani la ghorofa moja juu, jengo jipya ng'ambo ya ua, na kando ya uzio kibanda cha makuti cha kupumzikia. Mama wa mapokezi alimvuta mke wangu pembeni. Waliongea kwa sauti ya chini. Nikaona uso wa mke wangu ukibadilika, kama mtu aliyemwagikiwa na maji baridi. Aliangalia jengo jipya, akaangalia la zamani, akaangalia juu kwenye mabati. Nikauliza kama kuna shida.

"Hakuna. Wamejaza watu wa matanga jengo lile. Sisi tuko hapa juu, vilevile."

Sasa hilo neno "vilevile" nalo nikalihifadhi.

Nisiseme uongo, mwanzo wa likizo ile ulikuwa mtamu. Joto liliniingia mpaka kwenye vidole. Tuliteremka hadi majini, tukakaa juu ya jiwe na miguu yetu ziwani, akanicheka kwa kuwa nilikuwa nasoma kila bango la mjini kwa sauti na kutaja kasoro zake. Lakini jioni tulipoletewa samaki mzima na ugali, alikula upande mmoja tu. Upande wa pili, pamoja na kichwa, aliufunga kwenye mfuko.

"Nimeshiba, fundi. Nitakula baadaye."

Nani anayeshiba nusu samaki Homa Bay? Alishuka nao akisema anaupeleka kwenye friji ya jikoni. Hakuurudia tena, wala kesho yake hakuuliza ulipo.

Kesho yake nikaanza kuorodhesha kichwani. Hakutaka tukae kwenye baraza ya chini, alisema kuna mbu, na kulikuwa mchana. Tukipita kwenye korido ya chini alinitangulia mbio, kisha akanigeukia kunionyesha kitu upande wa pili: mara ua, mara ndege, mara mtungi wa gesi. Nani anamwonyesha mumewe mtungi wa gesi? Blanketi halikuwemo kwenye begi. Nililitafuta akiwa bafuni. Ndiyo, nilipekua begi la mke wangu, na simu yake pia ningeipekua kama isingekuwa naye huko bafuni.

Halafu nikasikia kikohozi.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa ametoka "kununua maji". Kilitoka chumba cha chini yetu, kifupi, kizito, kikazimwa haraka kama mtu aliyejiziba mdomo na kitambaa. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini sana. Nililala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye saruji. Sikuyashika maneno, lakini lugha niliitambua. Kilikuwa Kikuria. Na sauti ya mwanamke ilikuwa ya mke wangu.

Aliporudi na chupa ya maji nilikuwa kitandani nikijifanya nimelala, na shavu langu lilikuwa na vumbi la sakafu. Alilipangusa kwa kidole. Hakuuliza limetoka wapi. Nikajisemea: asiyeuliza ana jambo anaogopa kuulizwa.

Tulikuwa tumekubaliana kwenda Takawiri, kisiwa kile chenye mchanga mweupe. Mimi ndiye niliyepanga safari hiyo, ndicho kipande pekee cha likizo nilichoachiwa. Asubuhi ya safari akasema hajisikii vizuri.

"Enda tu wewe. Utaniletea picha."

"Unaumwa wapi?"

"Sijui. Mwili tu. Enda, fundi, usipoteze siku."

Alinifungia hata mkate wa njiani. Nilimbusu, nikatoka, nikafika hadi kwenye magari ya Mbita ambako mashua huanzia. Nikapata kiti. Dereva alikuwa bado anangoja abiria nilipofungua mlango na kushuka, wakinicheka nyuma yangu kwamba huyu ameacha jiko likiwaka.

Mbele ya lango la nyumba ya wageni kuna kibanda cha chai. Nilikaa pale, nikaagiza chai, nikaanza kutunga maneno nitakayowaambia. Naona aibu kuandika hili. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba ndoa yangu imekwisha, na bado nilikuwa narekebisha sentensi. Nilianza na "Mwalimu, nimekuja kuwapongeza", nikaona ni ya kejeli mno. Nikajaribu "Nataka ukweli tu", nikaona kila mtu husema hivyo. Chai ikapoa ikaota utando. Mwishowe nikaamua kutosema kitu, nitasimama tu mlangoni waniangalie.

Mama wa mapokezi alishangaa kuniona, akaniita mzee kwa Kijaluo.

"Umerudi mapema, jaduong'. Madam yuko hapo chini, kwa mgeni wenu."

"Mgeni wetu," nikarudia.

Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi kidogo. Nje kulikuwa na ndara za mke wangu, na kando yake viatu vyeusi vya plastiki vyenye udongo mwekundu uliokauka. Udongo wa kwetu. Viatu vilikuwa vidogo mno kwa mwanamume, nami niliviona ni vidogo, lakini mkono wangu ulikuwa umeshausukuma mlango.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na beseni linalofuka mvuke wa majani ya mkaratusi. Juu ya beseni, kikiwa kimefunikwa kwa blanketi la maruni, kichwa cha mtu. Blanketi likainuka. Mama mkwe wangu akanitazama, nami nikamtazama, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Akajifunika tena haraka, akageukia ukuta. Mimi nilirudi nyuma nikagonga ndoo, maji yakamwagika koridoni, nikakimbia mpaka uani kama mwizi wa kuku.

Nilikuwa nimelala juu ya mama mkwe wangu. Si chini ya paa moja tu. Juu yake.

Mke wangu alinikuta chini ya kibanda cha makuti. Alikaa mbali kidogo. Akanieleza polepole, bila kujitetea. Kila mwezi wa nane kifua cha mama yake hubana, na mwaka huu baridi ilimshika vibaya mpaka usiku alikuwa analala ameketi. Alijua joto la ziwa lingemsaidia, na hangeweza kumleta peke yake kisha arudi kunileta mimi. Kwa hiyo akamwekea mama chumba kwenye jengo jipya, sisi kwenye la zamani. Mama alitangulia siku moja. Kisha wakaja watu wa matanga, na wenye nyumba wakamhamishia mama chumba kilichobaki, hiki cha chini yetu.

"Nilikuwa nimepanga," akasema. "Lile jengo lina paa lake. Nilimuuliza huyo mama wa mapokezi kwa simu kama mabati yameshikana. Alidhani nina wazimu."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Sote wawili tulijua. Ningebeba begi langu saa ileile.

"Ungeondoka," akasema, "na mama angejua ni kwa sababu yake. Alitaka kuondoka yeye. Nilimsihi. Tangu tufike hajatoka nje, hata ziwa hajaliona. Anakohoa ndani ya blanketi usimtambue."

Nikasema nilikisikia kikohozi. Nikasema nililala sakafuni kukisikiliza. Alipogeuka kuniangalia nikajua nimejifunga mwenyewe.

"Ulidhani ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na sentensi kadhaa tayari.

"Mwalimu," nikasema. "Yule aliyehamia huku."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alichukua kijiti akachora kitu mchangani, akakifuta kwa mguu.

"Yule wa ng'ombe," akasema. "Kwa hiyo asubuhi uliponibusu, ulikuwa unambusu mtu wa namna gani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Aliinuka akarudi kwa mama yake.

Nikakaa pale peke yangu mpaka jua likapanda. Kila nilipofikiria kuondoka niliona vile viatu vya plastiki mlangoni. Mwishowe nikainua macho, kwa mazoea yangu ya kukagua vitu, nikaona makuti. Nguzo nne na paa la makuti, halijashikana na kitu chochote. Nikalizunguka kuhakikisha. Nikaenda kwa mama wa mapokezi, nikamwomba godoro na chandarua tuviweke kibandani. Aliniuliza kama chumba kina kasoro. Nikamwambia chumba hakina kasoro, ni mimi.

Nilituma ujumbe kwa mke wangu kupitia huyohuyo mama: vyombo vyangu vimetoka ndani, mama akae barazani akitaka, mimi nitakuwa kwenye uzio nimegeuza mgongo.

Alasiri nikasikia kiti kikiburutwa barazani. Sikugeuka. Nilitazama ziwa, magugumaji yakisukumwa na upepo kuelekea gatini. Kisha nikasikia kikohozi, safari hii kirefu, cha wazi, kikatoka mpaka mwisho wake, na baada yake pumzi ndefu. Nikakitambua bila shida. Nimekisikia asubuhi nyingi nikipita kando ya ule ua wa michongoma.

Wakaongea Kikuria kidogo. Kisha mke wangu akapaza sauti, ya kawaida, sauti anayowaitia watoto wa chekechea.

"Fundi, mama anasema sogea kushoto. Umemzibia ziwa."

Nikasogeza kiti. Akasema bado. Nikasogeza tena, mpaka nikawa karibu na mtungi wa gesi.

Jioni alikuja kibandani na sahani. Hakukaa karibu nami kama siku ya kwanza kwenye jiwe, lakini alikaa. Kuhusu mwalimu hakuuliza tena, na mimi, kwa jinsi nilivyo, bado nangoja siku atakapouliza. Kwenye sahani kulikuwa na ugali na kipande cha samaki, upande wa mkia. Nikala. Sikuuliza kichwa kimeenda wapi.