Klabu ya Salamu Isiyojua Kusalimia

Kwenye kundi letu la simu la wapenzi wa redio za zamani kuna mchezo mmoja unaonichefua. Mgeni akiingia na kuuliza swali lake la kwanza, labda ni betri gani zinafaa redio aliyoachiwa na marehemu babu yake, wakongwe wanamrushia vikatuni vya kucheka. Mmoja atamwambia arudi chekechea. Mwingine atauliza nani kamwingiza huyu. Mgeni anatoka kimyakimya, nao wanapongezana kana kwamba wamekamata mwizi. Mimi hubaki na simu mkononi nikiwadharau mmoja baada ya mwingine, maana ujinga huu naufahamu tangu simu hazijafika kwetu.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa, redio za kaseti zikafurika madukani na kila nyumba ya mtaa wetu wa Chanji, hapa Sumbawanga, ikataka yake. Nilikuwa nashona nguo kwenye baraza la fundi redio, na baraza hilohilo ndilo lilikuwa makao makuu ya klabu ya watuma salamu. Kazi ya klabu ilikuwa hivi: unanunua kadi, unaandika jina lako, majina ya unaowasalimu na mstari mmoja wa ujumbe, inatumwa Dar es Salaam, halafu unasubiri mtangazaji aisome. Basi. Lakini ungewaona wenyewe walivyokunja sura wakati wa vikao, ungedhani wanagawa mikoa.

Mwenyekiti alikuwa karani wa ghala la ushirika lililokwisha kufa. Hewani alijiita jenerali, mtu ambaye hajawahi kushika hata gobole. Alichongesha mhuri wa klabu, akawaaminisha watu kwamba kadi isiyo na mhuri watangazaji huitupa. Na mhuri haukugongwa mpaka kadi yako imsalimu yeye kwanza, kisha kamati yake, ndipo mama yako mzazi kama nafasi imebaki.

Jumapili moja baada ya misa alikuja binti wa Kisukuma, mtoto mgongoni. Walikuwa wamehamia Kaoze, kule bondeni, pamoja na ng'ombe wao, na siku hiyo mumewe alikuwa amepandisha mifugo kwa ajili ya mnada. Alipiga magoti pale barazani, akawaamkia wote shikamoo. Mwenyekiti aliitikia marahaba huku anachezea kitufe cha redio. Wengine hawakuitikia kabisa. Na sisi ndio Wafipa tunaojisifu kwamba kwetu salamu ni kuinama na kupiga makofi. Siku ile hakuna kiganja kilichogusa kingine.

Alinunua kadi, akaja kuijazia kwenye meza yangu ya cherehani. Akiandika, alinieleza habari zake. Mama yake alibaki kwao, upande wa Shinyanga, hana sanduku la posta wala mtu wa kumpelekea barua. Siku wanaondoka, yule mama alilia mpaka akaishiwa sauti, kwa sababu kila mtu anajua Sumbawanga ni nchi ya wachawi, na mwanawe alikuwa mjamzito. Mama alisema mwanawe hata kujifungua hatafikia. Tangu hapo hakuna aliyepata habari za mwenzake. Lakini binti alijua kwamba kila alasiri mama huenda kwa jirani kusikiliza salamu redioni. Binti hakutaka umaarufu wowote. Alitaka mama yake ajue kwamba yu hai.

Mwenyekiti aliichukua kadi na kuisoma kwa sauti ili watu wafurahi. Anayesalimiwa ni mama, na baada ya mama hakuna mwingine. Walicheka, na mpumbavu mmoja akalia kama ng'ombe. Kisha mwenyekiti akafika kwenye ujumbe: "Mama, usilie. Nimejifungua salama. Huku hakuna wachawi."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alipandisha hasira, akauliza nani kamtuma kutaja uchawi, anataka kuuaibisha mkoa mbele ya taifa zima? Akamwamuru aufute ule mstari, aandike upya, na aanze na viongozi.

"Nikiufuta, baba, mama atajuaje?" binti akauliza, kapiga magoti tena.

"Hilo si la klabu," akajibu, akaitumbukiza kadi kwenye kikapu cha takataka na kumwita mwingine.

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Nchi nzima inatuita wachawi. Watoto wetu wakienda kusoma mikoa mingine wanaogopwa bwenini. Anatokea mtu mmoja, mgeni, anajitolea kutusafisha redioni bila kuombwa, nasi tunamtimua kwa kuwa hakumsalimu karani asiye na ghala! Niliwaambia pale pale kwamba ni wajinga. Wakaniambia fundi cherehani ashughulike na uzi wake.

Nilimpa kadi nyingine. Akainama nayo muda mrefu, akaikunja, na kesho yake nikaitia posta mwenyewe bila mhuri wa mtu.

Ikasomwa. Baraza lilikuwa limejaa. Mtangazaji alisoma yote, wachawi wakiwemo, tena kwa sauti ya upole, kisha akamalizia mstari ambao sikujua kwamba upo: "Watu wa klabu ya salamu wamenipokea kama mtoto wao." Mwenyekiti hakujali kwamba kadi imefika bila mhuri wake. Alikaa wima na kusema mgeni mwenye adabu hujulikana tu. Nilitamani kumrushia pasi ya mkaa.

Baadaye ikasomwa kadi ya mama mwenyewe. Aliwataja kwanza mwenyekiti na kamati yake, akawaita wazazi wapya wa mwanawe, akawaombea kwa Mungu, ndipo akamsalimu binti na mjukuu. Mwenyekiti aliirekodi kwenye kaseti. Tangu siku hiyo kila mgeni alichezewa kaseti ile ajue klabu ina utu, kisha akaamriwa aanze na viongozi.

Binti hakuwa na redio. Nilipomkuta mnadani nilimsimulia kadi ya mama yake neno kwa neno. Alicheka, akajifuta macho kwa kanga, akaniomba nirudie. Nikarudia. Lakini kile kinyongo kilinishinda, nikamuuliza kwa nini aliwapa watu wale heshima wasiyostahili hata chembe.

Alimhamisha mtoto bega. "Sasa dada, ningemwambia nini mama? Kwamba wachawi hakuna, na watu nao hakuna?"