Vigimbi vya Mwana wa Mama Pindo

Mama Pindo, binti wa Mshona Magunia, mjukuu wa bibi aliyeshona mahema kwa sindano ya mkono mpaka vidole vikaota sugu: hilo ndilo jina lake kamili, na lile la kwenye vyeti halikuwahi kuitwa na mtu. Yeye alishona sare za watoto wa mtaa mzima, katika chumba chenye dirisha linalotazama barabara, na hakuna aliyewahi kuona mshono wake umefumuka. Jina la Pindo alilipata kwa kuacha pindo refu chini ya kila suruali, maana mtoto, alisema, hukua hata akiwa amelala. Sasa mgongo wake umegoma, na swali linalomkosesha raha ni moja: nani atamwinua mwanawe wa mwisho yeye asipokuwepo.

Mwana huyo alichelewa kutembea. Alipotembea alikwenda kwa ncha za vidole, akianguka bila kujikwaa. Majirani walisema ataacha akikua. Mama Pindo naye alikuwa na ushahidi wake, ushahidi wa fundi. Alipompima suruali ya shule, pindo halikuhitaji kushushwa, ila chini ya magoti nguo ilibana. Vigimbi vilikuwa vimejaa, vigumu kama mpira uliotiwa upepo. Akafumua, akaongeza kitambaa, na kila mteja aliyekaa kwenye benchi akaonyeshwa.

"Tazama miguu hii," alisema. "Huyu atabeba dunia."

Mbeba dunia alishindwa na kuinuka sakafuni. Alipiga magoti, akainua makalio, kisha akashika magoti, akashika mapaja, akijipanda mwenyewe kama mtu apandaye ukuta. Wenzake shuleni wakamwita Babu. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, waje kumwamkia kila asubuhi, wajukuu wasio na adabu.

Baba yake, fundi rangi wa majumba, hakucheka. Alisema mtoto amedekezwa, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama Pindo akavitazama vile vigimbi, akaona mumewe kasema kweli: miguu minene namna ile haichoki, inajifanya tu. Basi kila jioni akawa anampandisha mtoto ngazi za jengo la jirani na kumshusha, yeye amesimama chini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mtoto alilia. Mama akatia pamba masikioni. Jioni moja goti likajikunja lenyewe katikati ya ngazi, akaporomoka, paja likavunjika. Mfupa uliunga vizuri. Lakini plasta ilipotolewa, hakusimama tena.

Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alivibonyeza vigimbi, akaeleza kwamba ule haukuwa unene wa nguvu. Misuli ilikuwa inakufa, na mafuta na makovu yakichukua nafasi yake. Ugonjwa huo mtoto huzaliwa nao. Mara nyingi hupita kwa mama bila kumsumbua, ukamkuta mwana wa kiume. Haukuletwa na ngazi, ila ngazi ziliichosha misuli ambayo haikuwa na akiba. Dawa za kuuchelewesha zipo, na kunyoosha viungo taratibu husaidia. Dawa ya kuumaliza hakuna. Baada ya miguu hufuata mikono, kisha pumzi na moyo.

Fundi rangi alivaa kofia yake akatoka. Ile methali haikusikika tena nyumbani kwao. Mama Pindo alibaki kwenye kiti akimkumbuka kaka yake, aliyefia mkekani kabla hajaota ndevu, watu wote wakimwita mvivu, yeye dada yake akiwemo. Suruali za kaka huyo nazo ziliongezwa vitambaa. Aliyeziongeza ni mama yao, Mshona Magunia, na alizionyesha kwa wageni.

Leo kijana ana sauti nzito na mikono isiyofika mdomoni. Watu wema walimwinua kwa kumshika makwapani, na mabega yaliyolegea yakawateleza. Kwa hiyo mama yake alishona turubai pana lenye mishikio pande zote, mshono juu ya mshono, akamwita binti yake chumbani.

"Hili litachakaa," alimwambia. "Utashona jingine. Makwapani asishikwe, hata na mgeni mwenye haraka."

"Dada, taratibu," kijana alisema pale kitandani, dada akimsukumia turubai chini ya mgongo. "Magunia yaliishia kwa bibi."

Binti alicheka, kisha akageuza uso dirishani. Mama yake akangoja mpaka akageuka tena.

"Na wewe, kabla hujazaa, nenda ukapimwe damu. Ukijaliwa wa kiume, ukiona vigimbi vinajaa, usimwonyeshe mtu kwa furaha. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo."

Akavua futi shingoni, akamvisha binti, kisha akamwita fundi rangi aingie.

"Haya, shika huku. Baba yako atashika kule. Mimi leo nakaa."