Kikaangio cha Saa Kumi na Mbili na Nusu

Nina ugonjwa mmoja ambao sijawahi kuutafutia dawa. Nikinusa chakula cha jirani, situlii mpaka nijue kilichomo. Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakujanipunguzia udadisi huo hata kidogo. Kwa hiyo msishangae kwamba najua mengi kuhusu boma la mzee Nyangau. Hapa Gesima, kati ya boma lake na langu kuna ua wa michongoma na mistari michache ya majani chai, basi.

Ninayetaka kumsimulia ni mkaza mwana wake, Eucabeth. Mumewe, Jethro, ni fundi wa ujenzi na kazi zake ziko Kericho, kwa hiyo humwoni hapa ila mwisho wa wiki. Eucabeth ni karani huko Nyamira mjini. Anatoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi, na jioni akiingia langoni ni saa kumi na mbili na nusu, mkoba begani, viatu vimejaa matope. Hapo ndipo anaanza kupika. Ana watoto wawili wa shule, na ana baba mkwe wa kulisha.

Mke wa Nyangau alifariki mwezi wa pili mwaka jana. Alikuwa mwanamke wa kukaa na sufuria. Nyama aliiteleka saa tisa alasiri, akaenda kuchuma chai kidogo, akarudi kuongeza maji, na jioni ungeikata kwa kijiko. Alipoondoka, kumpikia mzee kukawa kazi ya Eucabeth, na Eucabeth hana saa tisa alasiri. Alikatakata nyama upesi, akaikaanga, akasonga obokima, ugali wetu wa wimbi, akapeleka.

Kupeleka kwenyewe kuna utaratibu wake. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani sheria za heshima kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Nyangau hawezi kukanyaga nyumba ya Jethro, hata kama mvua ya mawe inamkuta uani. Hali mbele ya Eucabeth, wala Eucabeth hali mbele yake. Mambo ya mwili ndiyo hayatajwi kabisa. Mzee akiumwa na tumbo, mkaza mwana atasikia kwa mtu mwingine au asisikie. Basi Eucabeth huweka sinia juu ya kigoda kando ya mlango wa mzee, husema, "Tata, chakula," yaani baba, na kurudi jikoni kwake. Baadaye huja kuchukua vyombo vitupu.

Vitupu, ndiyo, na hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Sahani zilirudi nyeupe, na mzee alikuwa anakwisha. Ukanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Januari alikuwa na kilo sitini na tatu, na mwezi wa tisa mizani ya kliniki ikasema hamsini na mbili. Walimpima hiki na kile, hawakuona kitu. Binti yake wa Keroka alikuja, akamtazama, akalia, akasema wazi kwamba kwa mwendo huu Krismasi itamkuta baba kaburini. Kanisani wanawake wakaanza kunong'ona kwamba mzee ananyimwa. Mimi niliogopa. Nyangau na marehemu mume wangu walitahiriwa pamoja, na sikuwa tayari kumzika wa pili.

Siku zilezile mbwa wangu alikuwa ananenepa. Mwalimu mzima nikadhani ni minyoo.

Oktoba mvua ilimkamata Eucabeth mjini, akajikinga katika duka la vitambaa la Kaltuma. Kina Kaltuma ni Waislamu wa hapo mjini, babu yao alikuja kufanya biashara na hakurudi alikotoka. Kaltuma hupika nyuma ya kaunta huku akipima kitambaa, na siku hiyo Eucabeth alitazama kila kitu. Kesho yake, Jumamosi, aliniita uani.

"Mwalimu, kikaangio kimoja tu. Hakuchafua chombo cha pili."

"Alianza na nini?"

"Alikiacha kikaangio kipate moto kabla ya mafuta. Akatandaza nyama ya kusaga, hakuigusa mpaka maji yakaisha na ikaanza kulia. Ndipo akatia kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu. Halafu karoti na hoho, nyembamba kabisa. Kabichi mwisho, kama dakika mbili. Limau baada ya kuepua."

"Na nyanya?"

"Hatii. Anasema nyanya inaleta maji, na maji yanaleta kungoja."

Nilikwenda kujaribu mchana uleule. Dakika kumi na nane kwa saa yangu ya ukutani. Kabichi ilikuwa bado inavunjika mdomoni, na nyama ilikuwa na ule ukoko wa rangi ya kahawia ambao nyanya zangu zilikuwa zimeuua kwa miaka thelathini na mmoja. Niliwakumbuka wanafunzi wangu wote nikaona haya.

Jumatatu Eucabeth akampikia mzee. Harufu ilivuka michongoma, na mimi nikangoja kuona sahani ikirudi. Ilirudi imefunikwa. Mzee alikuwa amekula obokima na mboga kidogo, lakini nyama ilikuwa palepale, haijaguswa. Jumanne vilevile. Jumatano nilimkuta Eucabeth ameketi juu ya jiwe la kufulia, sinia magotini, analia.

"Afadhali alipokuwa anamaliza," akasema. "Sasa amenikataa waziwazi."

Hilo nisingeweza kuliacha. Asubuhi Eucabeth alipokwenda kazini, nilizunguka nikamkuta Nyangau mlangoni pake, ameshika kofia mbele ya mdomo. Mwaka mzima alikuwa anazungumza hivyo, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba ni baridi. Sisi wawili tunaitana shemeji na tuna ruhusa ya kutaniana, kwa hiyo sikuzunguka.

"Shemeji, mbona unamkatalia mtoto wa watu chakula?"

Alikaza kofia mdomoni. Kisha akauliza, "Nani alimwambia?"

"Alimwambia nini?"

Akashusha kofia. Huyu ni mtu aliyekuwa akifungua chupa za soda kwa meno kwenye harusi, watoto wakimshangilia. Yalikuwa yamebaki matatu, na kila moja lilitazama upande wake. Aliyejua ni mkewe peke yake, na ndiyo maana nyama ilitelekwa saa tisa. Tangu afe, mzee alikuwa anafyonza mchuzi wa zile nyama ngumu, kisha anazitupa chini ya migomba. Mbwa wangu alikuwa anamalizia.

"Sasa mke wa mwanangu ananisagia," akasema. "Anayetafuniwa ni mtoto mchanga. Amejua mdomo wangu, na anataka nijue kwamba amejua."

"Kisii mjini yako meno ya kuweka."

"Ya kulipiwa na nani? Jethro. Na Jethro atamwambia nani?"

Akaniambia nikimpasulia mtu siri ile, nisikanyage tena kwake. Niliapa, na niliapa kwa hasira. Mtu anajiua kwa njaa kwa ajili ya heshima, halafu wewe unaombwa umshikie mlango.

Nilirudi nyumbani nikawaza. Niliamini Eucabeth hajui lolote, kwamba alichagua nyama ya kusaga kwa sababu inaiva haraka. Aliyehitaji kuelezwa hivyo ni mzee, wala si mimi niliyefaa kumweleza, maana angesema nimetumwa. Ilibidi asikie mwenyewe.

Jumanne iliyofuata nilimwambia Eucabeth anifundishe, lakini uani, kwa sababu macho yangu hayaoni vizuri jikoni mwake. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, akatoa jiko, akaliweka karibu na ghala. Kutoka mlangoni kwa mzee unaona hapo vizuri. Watoto wakaketi kwenye mkeka. Nyangau alikuwa kwenye kigoda chake, kofia mdomoni, anajifanya kutazama ng'ombe.

Nyama ilipoanza kulia nikapaza sauti ya darasani. "Kwa nini usichemshe nyama ya kawaida, Eucabeth?"

"Nitaichemsha saa ngapi, Mwalimu?" Macho yake yalikuwa kwenye mwiko, lakini sauti yake nayo ilikuwa juu. "Naingia langoni saa kumi na mbili na nusu. Watoto wana njaa. Mjini wenye haraka wote wanapika hivi. Hata Jethro akija ni hii atakula, akitaka asitake."

Akawapakulia watoto kwanza, nikala na mimi, ndipo akampelekea mzee kutoka kikaangio kilekile. "Tata, chakula. Samahani, nimechelewa." Mzee aliingia na sinia ndani. Nilibaki na watoto nikila polepole, na nakiri sikuwa na njaa tena, nilitaka tu kuona. Sahani iliporudi ilikuwa imepanguswa kwa tonge la mwisho mpaka chini.

Alikula Jumatano. Alikula Alhamisi. Mwanzo wa Desemba mizani ikasema kilo hamsini na sita, na binti yake wa Keroka akamletea Eucabeth kitenge. Nilijipongeza sana. Nilijiona mtu wa akili, nimeokoa mtu na siri yake, na yule msichana hajui hata alichokifanya.

Katikati ya Desemba Eucabeth alipata likizo ya wiki mbili. Nilijua kwa sababu Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi alitoka langoni kwao na mkoba wake kama kawaida, akashika barabara, kisha akakunja kwenye kona na kuingia kwangu kwa mlango wa nyuma.

"Mwalimu, nimepewa likizo. Naomba nikae hapa leo."

Nilidhani wamegombana na Jethro. Akakaa. Akachambua maharagwe yangu, akalala kwenye kochi, akaamka. Jumanne akaja tena. Jumatano alikuja na nyama ya kusaga ndani ya mkoba, akaiombea nafasi kwenye friji yangu. Ugonjwa wangu ukanizidi.

"Eucabeth, likizo ni yako. Nenda kwako upumzike. Siku nzima unayo, hata mguu wa ng'ombe ungeiva."

"Ndiyo shida," akasema. "Nikionekana nyumbani mchana kutwa, nitasema nini jioni nikimpa ya kusaga?"

Nilimtazama. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele, hakuinua uso.

"Umejua tangu lini?"

"Mwalimu, chini ya migomba hufagia nani? Kila asubuhi zilikuwa pale, zile ambazo mbwa wako amesahau. Zimefyonzwa, hazina alama ya jino. Nilizunguka Nyamira miezi nikitafuta chakula laini ambacho mtu mwenye meno angekula bila kuulizwa. Nilipokiona kwa Kaltuma nikashukuru Mungu. Halafu akakikataa, nikajua nimemvua nguo mzee wa watu." Akaweka sinia la mchele chini. "Uliponiita tupike uani, nilielewa kwamba nawe unajua. Lakini hukusema, nami nikaona nisikuulize."

Miaka thelathini na mmoja nilisahihisha vitabu vya wasichana kama huyu. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

"Jethro anajua?"

"Jethro analalamika kwamba amechoka na nyama ya kusaga."

Saa kumi na mbili na robo akainuka, akavaa viatu vya kazini, akatia nyama mkobani. Nje palikuwa pakavu, kwa hiyo alipita kwenye bomba langu akavichovya viatu kwenye tope. Akazunguka kwa barabara, njia ndefu. Nilisimama kwenye michongoma nikamsikia akifungua lango lao, anahema.

"Tata, nisamehe," akasema. "Leo kazi ilikuwa nyingi."