Mkate wa Getini

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1996, Mkuu wa Jiko alininyang'anya nyanya mkononi. "Hapa nyanya haijafika, Mama Neema. Viazi pia bado." Ukumbi wetu ulikuwa Midrand, Afrika Kusini. Kampuni zilileta wafanyakazi wao kula karamu kama mabwana wa Kiingereza wa enzi za Tudor, karne ya kumi na sita, kabla mazao hayo hayajazoeleka kwao. Mimi nilikuwa nimemfuata mume wangu, aliyerudi kwao kutoka uhamishoni Morogoro. Nilichukuliwa kwa sababu nilijua pilau na sikuogopa viungo.

Mabwana wale walijionyesha kwa viungo. Nyama ilipikwa kwa zabibu kavu, mdalasini, karafuu na tangawizi, kwa kuwa vilitoka mbali. Ijumaa ilikuwa ya samaki, kwa amri ya dini. Maskini walikunywa uji mzito wa nafaka na kabichi. Uma haukuwapo mezani. Walitumia kisu, kijiko na vidole. Sahani ilikuwa mkate mgumu uliokatwa bapa. Ukishalowa mchuzi, ulipelekwa kwa maskini waliongoja getini.

Hapo ndipo Meneja wa Karamu alipopata wazo. Alitaka mwombaji mwenye matambara getini, wageni wampe mkate wakitoka. Akamchagua mlinzi wetu, Papa Kalonji, Mkongo wa Lubumbashi, na akanituma mimi kwa kuwa tulizungumza Kiswahili. "Akikataa, mwambie nitaomba kampuni yake iniletee mlinzi mwingine."

Nilimweleza Papa yote, hata hilo la mwisho.

"Mama, niko na kazi," akasema. "Nachunga mulango. Batoto yangu banajua baba yabo anachunga mulango. Leo niombe mukate ku ule ule mulango?"

"Eish, Papa, watakufukuza."

"Banifukuze na nguo yangu."

Nilirudi jikoni nikayasema kama yalivyo. Meneja akashika simu. Mkuu wa Jiko, aliyekuwa akikata nyama, akafuta mikono.

"Weka simu chini. Nipe hayo matambara."

"Chef, kwa umri wako?"

"Kwani waombaji wazee hawakuwapo?"

Jumamosi ile, baada ya karamu ya mchana, wageni walitoka wakicheka. Bwana mmoja, ambaye punde tu alikuwa amemwita Mkuu mezani akamsifu kwa nyama, alimtupia mkate ukamgonga kifuani. "Nenda katafute kazi, mzee!"

Mkuu hakurudi jikoni moja kwa moja. Nilimkuta kwenye kibanda cha mlinzi, matambara bado mwilini.

"Alinishika mkono kule ndani," akaniambia. "Hapa hakunitambua."

Papa Kalonji akamsogezea kiti. "Mimi bananisalimia kila siku, Chef, na habanijui. Kaa upumzike."

Onyesho lilipendwa, kwa hiyo Papa alibaki na geti lake. Mkuu aliyavaa matambara yale kila Jumamosi mpaka alipostaafu. Ukumbi ulifungwa mwaka 2007, nami nikaenda nyumbani na miguu iliyovimba.

Vijana wanaosomea upishi huja kuniuliza mabwana wale walikula nini. Nawajibu mpaka nachoka. Nimepika karamu nyingi mno, na sura za walaji zimenitoka. Ya mzee yule, akiinama kuokota mkate aliouoka mwenyewe, haijanitoka.