Malaika wa Ukutani

Fundi anakoroga udongo mwekundu nje ya nyumba ya jirani, hapa hapa Sumbawanga mjini, na harufu yake imenirudisha kwa Bibi, kwenye ukuta wake.

Kila kiangazi, mahindi yakishaingia ndani, Bibi alisiriba nyumba upya na kuipamba. Mwaka ule alitaka malaika, kama yule aliyechorwa na mapadri wazungu wa zamani kanisani Kaengesa. Macho ya Bibi yalikuwa hafifu, hivyo mimi nilikuwa namwelekeza.

"Mabawa yake yakoje?"

"Meupe matupu, Bibi."

"Ndege gani huyo?" akanung'unika, akachovya kidole kwenye udongo mweupe na kuyajaza madoadoa, kama ya kanga wa porini. Kanzu akaitia mistari myeusi ya masizi, ileile aliyozoea kuichora kwenye vyungu vyake.

Alipofika usoni hakuniuliza kitu. Alichora mdomo unaocheka, akaacha mwanya katikati ya meno ya juu.

"Yule wa kanisani amefunga mdomo," nikamwambia. "Wala hana mwanya."

"Mama yako alikuwa nao."

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na hakuacha picha hata moja. Nilisimama pale nikimtazama malaika yule hadi udongo ukakauka.

Mvua zikamfuta. Kiangazi kilichofuata Bibi alinipa bakuli la udongo mweupe.

"Leo uso chora wewe," akasema.

Nikaanza na meno mawili ya juu, nikayaachanisha.